Mtungi Tuliouruka

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. La nne niliingia kwa wiki mbili tu, mama akajifungua mapacha, na wa kumbeba mmoja wao nikawa ni mimi. Kwa hivyo mtu akiniambia kuna mambo siwezi kuyaelewa kwa sababu sikukaa darasani, ninamuuliza kama yeye anajua kuivisha sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe, kwa makaa ya kuokoteza wakati mvua inanyesha. Wengi hunyamaza hapo. Wasiponyamaza ninawaambia kwamba nimekaa na wasomi, watu waliotafuna vitabu kama mchwa, wakizungumzia jinsi binadamu anavyoweza kuishi bila mkubwa wa kumtawala, na nikawaambia mbele ya macho yao kwamba hawajui wanachosema. Nusu ya maneno niliyowaambia siku hiyo ilikuwa kweli. Nusu ya pili ilikuja kunirudi, na hiyo nitaieleza mwenyewe kabla wengine hawajaanza kunielezea.

Chanzo ni mjukuu wangu na sura yake ya kitabu.

Huyu mtoto nimemlea tangu akinyonya chupa, hapa hapa Sarang'ombe, Kibera, katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Sasa yuko chuo kikuu anasomea historia. Nikisema hivyo ninajua ninainua kidevu, na nitaendelea kukiinua, kidevu ni changu. Jumamosi asubuhi huja kunisaidia kuchambua maharagwe, maana mimi huuza githeri kando ya barabara inayopanda kwenda mtaa wa Olympic. Yeye huchambua kwa mkono mmoja. Ule mwingine huwa umeshika kitabu.

Mwaka wa kisa hiki alikuwa ameshikwa na jambo moja tu, kama mtu aliyeshikwa na malaria.

"Kukhu," aliniambia, maana sisi watu wa magharibi ndivyo tunavyomwita nyanya, "kuna watu waliandika kwamba serikali si lazima."

"Watu gani? Wezi?"

"Waandishi. Wanafalsafa. Zamani sana."

"Na serikali ikasemaje?"

"Iliwafunga."

"Basi walikuwa wamesema kitu. Soma."

Akasoma. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kwa hivyo alisoma mstari, akautafsiri, akatoa jiwe kwenye maharagwe, akasoma mwingine. Fikra yenyewe ina jina, uanaki, na nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa wa kuku. Maana yake ni kwamba watu wanaweza kupanga maisha yao wenyewe kwa kukubaliana, bila mtu wa kukaa juu yao na rungu. Mjukuu wangu aliniambia kwamba kwa maskini hilo si jipya. Jipya ni kwamba wasomi walianza kuliandika, wakaliandika kwa hasira, wakafukuzwa nchi hii wakaenda ile, wamebeba makaratasi kwenye mifuko ya makoti. Wengine walizaliwa katika majumba makubwa wakayaacha. Wengine walikuwa wapiga chapa, washonaji nguo, mafundi wa saa waliokaa mezani huko milimani wakitengeneza gurudumu dogo kuliko mbegu ya sukuma wiki, huku mwenzao mmoja akiwasomea gazeti. Fikra ikavuka bahari. Ikafika Uchina, ikafika Japani, ikafika Meksiko, na kila ilipofika kulikuwa na mtu wa kuiandika na askari wa kumtafuta.

Yule msomaji wa mafundi saa alinipendeza. Nilimwambia mjukuu wangu, "Unaona? Hata wao walikuwa na mtu wa kuwasomea wakifanya kazi. Sasa wewe chambua vizuri, kuna jiwe pale."

Lakini sikukubali kila kitu. Wakati mwingine nilimkatiza.

"Huyo aliyeandika vitabu kumi akiwa mafichoni, alikuwa anapikiwa na nani?"

"Kitabu hakisemi, kukhu."

"Na nguo zake?"

"Hakisemi."

"Basi kuna mama mmoja huko ambaye alikuwa na mkubwa wa kumtawala, na mkubwa mwenyewe ni huyo."

Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Kisha akaacha kucheka, akaandika maneno yangu kwenye daftari. Tangu siku hiyo akawa ananiandika. Nikiguna anaandika.

Siku moja aliniuliza kama huku kwetu kuliwahi kuwa na kitu kama hicho. Nikamwambia babu yangu alikuwa akisimulia kwamba chifu kwao alikuja na kofia ya Wazungu. Kabla ya kofia kulikuwa na wazee, na mzee alikuwa mzee wa boma lake tu. Akisema upuuzi, watu waliondoka mmoja mmoja mpaka akabaki na mbuzi. Akauliza, "Na hapa Kibera?" Nikamwambia, "Hapa? Kwani wewe huchoti maji?"

Hapo ndipo alipofumbuka macho. Mfereji wetu wa maji uko kwenye ploti ya jirani yangu Mnubi, mwanamke wa rika langu, ambaye babu yake alikuwa askari wa Waingereza aliyetolewa Sudan akaachwa huku wakati Kibera ni msitu mtupu. Mabomba tuliyavuta wenyewe, sisi wanawake wa safu tatu za nyumba, na mtaro tuliuchimba kwa majembe yetu. Mwanzoni tulikuwa na mwenyekiti, kama kila kikundi. Mwenyekiti akauvaa ufunguo shingoni kama rozari. Baada ya muda, dada zake wakawa wanachota kwanza, halafu shemeji zake, halafu yeyote aliyemsifia kanga yake. Tulimvua ufunguo mchana kweupe, na hatukumweka mwingine. Ufunguo sasa hulala nyumba tofauti kila siku, kwa kufuata milango ilivyopangana.

Na kama mtu ana neno, analaza mtungi. Nieleze vizuri, kwa sababu nje ya hapa sijaona wanaofanya hivyo. Ule mtungi wa plastiki wa kuchotea maji unaulaza kwa ubavu, mbele ya mfereji, kukatiza laini ya wanaongoja. Ukiulaza, hakuna anayechota. Hata kama wewe ni mpangaji wa jana, hata kama ni msichana wa kazi. Laini yote inasimama mpaka useme neno lako na lisikilizwe, na likishasikilizwa unauinua mwenyewe. Hakuna wa kukuinulia. Kuna asubuhi msichana mmoja mjamzito alilaza mtungi kwa sababu mtaro ulikuwa ukimwaga uchafu mlangoni kwake. Tulisimama pale watoto wakachelewa shule, uji wa mtu ukaungua, matusi yakatoka ya kila kabila. Lakini kabla ya saa nne mtaro ulikuwa umegeuzwa.

Mjukuu wangu alikulia kwenye laini hiyo tangu hawezi kuinua debe, na hakuwahi kuiona. Sasa aliiona. Aliandika miezi mingi. Akaniambia inakuwa sura ya kitabu, na kwamba ikiingia kitabuni, itakuwa mara ya kwanza mfereji wa Kibera kukaa ukurasa mmoja na wale mafundi wa saa. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile. Hata alipokuwa mdogo akitaka viatu vya plastiki vyenye taa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha kikundi chao cha kusoma, huko Kawangware, karibu na kituo cha 46. Walikutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha shule moja ya chekechea: washairi wawili, mwalimu wa sekondari, wanafunzi, mwandishi wa magazeti asiye na gazeti, na juu yao mhadhiri mmoja mstaafu, mzee wa miwani na sauti ya redio. Walikuwa wakiandika kwa Kiswahili historia ya waandishi na wasomi waliokataa kutawaliwa, kila mtu na sura yake. Jambo jema. Sikuona ubaya wake mpaka Jumamosi moja mjukuu wangu aliporudi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hata hakuvua mkoba.

"Wameikataa."

"Nani?"

"Mhadhiri wetu. Ati hii si historia ya fikra, ni mila. Ati fikra ni ile iliyoandikwa."

"Si wewe umeiandika?"

"Anasema nimeiandika mimi, wao hawakuandika. Wiki ijayo inaondolewa."

"Wiki ijayo," nikasema, "tunaenda wote."

"Kukhu, usije kunitia aibu."

"Aibu nitakayokutia itakuwa ya bei nzuri."

Tulienda kwa miguu, tukashika barabara ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, tukaingia ile ya Naivasha. Nilivaa kitenge changu cha harusi za watu. Tulipofika niliwakuta wasomi wamekaa kwenye viti vya watoto wa chekechea, vile vyekundu na vya kijani, magoti yamegusa masikio. Ukutani kulikuwa na picha ya bata. Kijana mshairi mwenye rasta aliinuka akanipisha kiti.

"Shosho, niaje? Karibu."

"Poa. Hicho kiti nikikikalia utaninunulia kiuno kingine?"

Wakacheka, wakaniletea meza. Nikakaa juu ya meza. Kwa hivyo nilikuwa juu kuliko wote, na sikuomba radhi.

Mkutano ukaanza. Kwanza maombi. Halafu katibu akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, na mmoja akapendekeza zithibitishwe na mwingine akaunga mkono. Halafu wakaanza kuzungumza, na kila aliyetaka kusema aliinua mkono akasema, "Kupitia kwako mwenyekiti." Nikamuuliza mjukuu wangu kwa sauti ambayo nilidhani ni ya chini mwenyekiti ni nani. Ni yule mhadhiri. Na huyu? Naibu wa mwenyekiti. Na yule? Katibu. Na huyo karibu yake? Katibu msaidizi. Kulikuwa pia na mweka hazina, na mratibu, na mratibu alikuwa na naibu.

Nilicheka. Nilijaribu kukohoa ili nikifiche lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.

"Mama una neno?" mhadhiri akauliza.

"Ninalo. Ninyi si ndio mnaandika kwamba watu hawahitaji wakubwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na chumba kizima wasio na cheo ni mimi na yule bata."

Yule mshairi wa rasta alijipiga paja. "Aki shosho umetumaliza!" Msichana mmoja mshairi, mwembamba, aliyekuwa kimya tangu nifike, akaficha uso ndani ya skafu. Hata mhadhiri alitabasamu kidogo. Si mtu mbaya, sitamsingizia. Alisema kikundi bila utaratibu kisingesajiliwa. Nikamwambia sisi hatujasajiliwa na maji yanatoka. Akasema, "Mama, ninawaheshimu sana. Lakini hiki ni kitabu cha fikra. Hawa tunaowaandika walikaa wakawaza, wakabishana na wenzao kwa maandishi, fikra zikapita kizazi hadi kizazi. Ninyi mnachota maji."

"Na unafikiri tukisimama laini saa mbili tunawaza nini? Kuku?"

"Sikusema hivyo."

"Hao wako walipigiwa kelele na nani walipokosea? Na polisi tu. Sisi ukikosea unapigiwa kelele na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na yuko nyuma yako, anakutemea mate kwenye shingo. Fikra yako lazima iwe imeiva."

Niliendelea. Nilisema mengi, na nilisema kwamba pale kwetu hakuna aliyewahi kunyimwa neno wala maji tangu tulipomvua yule mama ufunguo. Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Mwalimu wa sekondari aliyaandika.

Mhadhiri akachukua karatasi za mjukuu wangu akasema basi tuzisome kwa sauti, haki itendeke. Akasoma kwa ile sauti ya redio. Ilikuwa tamu. Nilisikia mfereji wetu, nilisikia mtaro, nilisikia mtungi ukilazwa. Kisha nikasikia hivi: kwamba yote hayo yaliasisiwa na nyanya mmoja shupavu, muuza githeri, ambaye chini ya uongozi wake wanawake wa safu tatu waliamka.

Nilisikia utamu, kwa nini nidanganye? Utamu ulinishuka mpaka kwenye magoti. Mhadhiri akavua miwani. "Hapa sasa," akasema, "hapa pana kitu. Tukiiandika upya kama habari ya mwanamke mmoja mwenye fikra, inaweza kuingia. Tutaweka na picha yako, mama. Kitabu kinahitaji mtu."

Mjukuu wangu alinigeukia, macho yanang'aa kama ya mtoto wa vile viatu vya taa. Sura yake ilikuwa imepona. Nilihitajika kuitikia kwa kichwa tu.

Lakini nikawaona wenzangu. Niliwaona wakisomewa hayo pale mfereji, mmoja mmoja akiinua nyusi. Mabomba tulibeba wote. Wazo la kulaza mtungi halikuwa langu, hata sijui lilikuwa la nani, mtu alifanya siku moja na mwingine akamwiga.

"Toa hiyo," nikasema.

"Gani, mama?"

"Ati uongozi wangu. Mimi siongozi mtu. Historia yenu ya watu wasiotaka wakubwa imejaa wakubwa tu, huyu alisema, yule alianzisha. Sasa mnataka kunitengeneza na mimi mkubwa, mnibandike ukutani na bata."

"Bila mtu wa kumtaja, mama, sura haisimami."

"Basi ikae chini."

Mhadhiri alisema wanampa mjukuu wangu wiki tatu, aamue. Tulitoka. Tulipopita Dagoretti Corner alisimama.

"Nilikuwa nakupa heshima," akasema.

"Ulikuwa unanipa ufunguo nivae shingoni."

"Mwaka mzima, kukhu! Mwaka mzima nimeandika. Ulikuja kuniokoa ama kunizika?"

"Nilikuja kuokoa. Yakageuka."

"Wewe unapenda tu kushinda."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikaongeza mwendo.

Jumamosi iliyofuata hakuja kuchambua maharagwe. Ile ya pili alikuja akiwa amebeba karatasi mpya, amefura uso, akasema ameitoa ile sehemu ya uongozi, na kama kweli sura ni ya wote, basi wote waisikie kwanza. Nikamwambia hayo ndiyo maneno. Tulienda mfereji saa tatu, laini ikiwa ndefu. Akapanda juu ya jiwe la kufulia akaanza kuwasomea. Wengine waliendelea kuchota wakisikiliza, na hewani kulikuwa na ile harufu ya sabuni ya kipande na makaa. Walicheka kwenye mambo ya mwenyekiti wa zamani. Mmoja akasema, "Andika alikuwa na mdomo kama spika!" Nilikuwa nimesimama wa tano, kidevu juu.

Akafika mahali palipoandikwa kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kunyimwa maji wala neno. Alikuwa ameyatoa kwangu, yale ya Kawangware.

Jirani yangu Mnubi, mwenye ploti, aliyekuwa wa nane kwenye laini yake mwenyewe, alitoka kwenye mstari. Akaja polepole, maana goti lake linamsumbua, akaulaza mtungi wake mbele ya mfereji.

Maji yakafungwa.

"Soma tena hapo, mwanangu," akasema.

Mjukuu wangu akasoma tena.

"Wallahi huo ni uongo. Nani amekuambia?"

Mtoto akanitazama. Laini yote ikanitazama.

"Bibi wee," jirani akaniambia, na hakupaza sauti, "umesahau, ama unajisahaulisha?"

Sikuwa nimesahau. Mwaka mmoja wa uchaguzi tulipatwa na wazimu, mji mzima. Kwenye ploti ya nyuma kulikuwa na mama mdogo, kahamia karibuni, na mume wake alikuwa wa upande ule mwingine. Sitasema upande gani, kila upande ulifanya yake. Alikuja mfereji na mtungi wake wa njano na mtoto mgongoni, na tukamwambia hapa hakuna maji yake. Hakuna mwenyekiti aliyetuamuru. Hakuna chifu, hakuna askari, hakuna kofia. Tulikubaliana wenyewe, kwa macho tu. Jirani yangu Mnubi alitoka akalaza mtungi ili asikilizwe, kama desturi. Nasi hatukumsikiliza. Tuliuruka. Mmoja alikunja sketi akauruka mtungi wake uliolala, akafungua maji akachota, halafu wengine wote wakaruka nyuma yake kama mbuzi. Aliyeuruka wa kwanza ni mimi.

Yule mama mdogo aliondoka wiki hiyo. Sijui alienda wapi. Sijui kama mtoto alikunywa maji siku hiyo. Jirani yangu hakunisemesha mpaka mfungo wa mwaka uliofuata, alipoleta bakuli la uji na kuliweka mlangoni bila kubisha. Tukarudi kuzungumza. Lakini lile hatukuwahi kulitaja, na mtungi ulipolazwa tena mara ya kwanza baada ya hapo, sote tulisimama kama mawe, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Nadhani ndiyo sababu desturi hiyo inashika mpaka leo. Si kwa wema wetu. Tunaogopa miguu yetu.

Nikawaambia hayo yote pale, mbele ya mjukuu wangu aliyesimama juu ya jiwe. Nilisema jina la kitendo na nikasema nani alianza. Wapangaji wapya hawakujua pa kutazama. Mama mmoja alisema, "Aa, ya zamani hayo, tuyafukue ya nini?" Jirani akamwambia, "Basi na kitabu kisiandikwe, maana chote ni cha zamani."

Kisha akaniuliza mimi, "Aandike?"

Ningeweza kusema la. Angeuacha mtungi ulale, tungesimama mpaka jua lituchome, lakini ningeweza.

"Aandike," nikasema. "Na aandike ni mimi."

Jirani akainama kwa goti lake bovu, akauinua mtungi, akarudi wa nane.

Mjukuu wangu aliandika siku hiyo yote, akiwa amekaa kwenye ndoo, akiniuliza maswali makavu kama ya polisi. Sketi ilikuwa rangi gani. Nani alikuwa wa pili. Yule mama alisema nini alipokuwa akiondoka. Hakusema kitu, nikamwambia. Alishika tu mkono wa mtungi wake kwa mikono miwili. Mjukuu wangu hakunihurumia hata kidogo, na nilimpenda zaidi kwa hilo, ingawa siku ile sikumwambia.

Jumamosi ya mwisho ya zile wiki tatu alienda Kawangware peke yake. Nilitaka kwenda, akaniambia, "Kukhu, wewe baki na githeri yako." Nikabaki. Nilikoroga sufuria mpaka maharagwe yakaanza kupondeka, wateja wakalalamika kwamba leo nimewapikia uji.

Alirudi jua likiwa bado liko juu ya mabati. Nilikuwa na watu wanne wakingoja.

"Haya," nikasema. "Toa."

"Alisema sehemu ya mtungi kurukwa itolewe. Ati inavunja hoja yote. Ati maadui wa fikra hii wataisoma na kusema, mnaona, watu bila mkubwa wanakuwa wanyama."

"Na wewe?"

"Nikamwambia mwaka ule wakubwa walikuwepo, tena wengi. Hawakutuzuia, walitupigia makofi. Nikamwambia ama yote ama basi. Nikaanza kukusanya karatasi zangu."

"Ukaondoka?"

"Nilifika mlangoni. Yule msichana mshairi, yule wa skafu, akasimama akasema kama yangu inatoka na yake inatoka. Hakuinua mkono hata. Halafu yule wa rasta naye. Halafu mwalimu. Mzee akabaki peke yake, anatazama dibaji aliyokiandikia kitabu."

"Kwa hivyo?"

"Inaingia."

"Yote?"

"Yote, kukhu."

"Hata mahali nilipouruka?"

"Hata hapo. Hata sketi."

Nilishika upawa nikakoroga. Nitasema ukweli, kwa sababu nimeshazoea sasa: kuna sehemu yangu ndogo, kule chini kabisa, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imetumaini kwamba yule mzee angeshinda.

Mjukuu wangu alikuwa akinichungulia usoni. "Unaogopa?"

"Niogope nini? Waisome. Wakimaliza kunicheka waandike za kwao, tuone nani hajauruka."

Hakucheka. Aliweka mkoba chini, akanawa mikono, akavuta gunia la maharagwe ya kesho akaanza kuchambua kwa mikono yote miwili. Wale wanne walikuwa bado wamesimama, na wa mbele alikuwa ameanza kugonga sahani kwa kijiko. Nikamwambia alete hiyo sahani na apunguze kelele, mimi si mtumishi wa baba yake, na nikamjazia mpaka ikamwagika.